Spika Kanyimwa Chuo

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la fotokopi, ubavuni mwa kibanda changu cha kushonea viatu. Hapa hatupigi soga tu, tunaamua mambo. Hoja ikishachemka, anayeiafiki anamaliza kahawa yake na kukipindua kikombe kifudifudi juu ya benchi. Asiyeiafiki anakiacha wazi. Vikombe vinahesabiwa, habari imekwisha. Anayehesabu ni Spika, binti wa duka la fotokopi, mwenye shahada ya sayansi ya siasa iliyomtoa mama yake jasho, na ambaye kila mwaka huwatolea wenzake nakala za vyeti wakaombe vyuo, yeye akibaki na mashine yake. Safari hii na yeye aliomba, shahada ya pili. Asubuhi ya leo jibu likaingia kwenye simu, akanisomea kutoka mlangoni mwa duka: wamemkataa. Nilikuwa nimeshika kiatu cha mteja, nikakitupa chini. Nimekasirika, na sioni haya kusema.

Kahawa ya leo kanunua Kontena. Huyu ana duka la saruji na mabati, na jina kalipata kwa sababu ana kontena lake bandarini ambalo tangu tumjue linatoka kesho.

Kontena: Wamemkataa kwa kosa gani?

Mimi: Hawasemi. Wameandika tu, "tunasikitika".

Kontena: Wanasikitika! Kafiwa nani? Kama wanasikitika si wampokee, tufurahi wote?

Mheshimiwa: Jamani, naomba mnisikilize mimi.

Mheshimiwa ni mjomba wa Spika, ndugu wa mama yake tumbo moja. Zamani aligombea udiwani akapata kura chache kuliko hesabu ya jamaa zake. Udiwani ukampita, uheshimiwa ukabaki.

Mheshimiwa: Mpwa wangu wamemwogopa. Chuo cha siasa kitampokeaje mtu ambaye siasa anazijua? Atakaa darasani afanye nini? Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa huyu dada yangu kamfunza mwenyewe, kamfunza vizuri. Ulimwengu umeona hauna kazi tena. Umemrudisha!

Mimi: Mheshimiwa, methali hiyo haiendi huko.

Mheshimiwa: Inakwenda kokote inapotumwa.

Redio: Nyinyi mnaelea juu juu tu.

Redio ni dereva wa lori, waya hautoki sikioni, na anachokisikia nusu anakimalizia mwenyewe.

Redio: Siku hizi maombi hayasomwi na mtu. Kuna mashine. Inaangalia picha ya mwombaji, inapima paji la uso. Ukiwa na paji la kuuliza maswali, inakutema.

Mimi: Nani kakwambia?

Redio: Nimesikia.

Mimi: Wapi?

Redio: We shona viatu.

Kontena: Mashine gani! Nafasi ilishatolewa zamani, kapewa mtoto wa mkubwa. Wanaweka tangazo ili sisi wengine tupate cha kusubiri.

Redio: Mkubwa gani atampeleka mwanawe pale? Mimi nimepita na lori mbele ya chuo kile. Hakuna chuo. Kuna ukuta, geti na jenereta.

Mimi: Na wale wanafunzi wanaoingia na mabegi?

Redio: Umewahi kuona ndani ya mabegi?

Mheshimiwa: Hapo umesema neno! Kuna mataifa yanahesabu ni wangapi kati yetu wanaielewa siasa. Idadi ikitimia, wanapiga simu, chuo kinaambiwa basi, inatosha. Mpwa wangu kafika idadi imejaa.

Nilicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Mlango wa duka la fotokopi ulikuwa wazi, na Spika alikuwa ndani ameinama kwenye mashine. Tangu asubuhi hajatoka kutusalimia. Huyu ni mtoto ambaye hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo.

Mheshimiwa: Lakini kinachoniuma zaidi ni barua zetu. Barua zile hazikataliwi!

Hizo barua nieleze. Chuo kilitaka watu watatu wanaomfahamu mwombaji, wamwandikie ushuhuda. Spika akatuambia ana walimu wake wa zamani, wapo tayari. Tukaona ametudharau. Mwalimu kamjua miaka michache, na katika hiyo nusu alikuwa kwenye mgomo. Sisi tumemjua tangu anatambaa chini ya benchi hili. Kontena akatoa hoja kwamba waandike watu wa kijiweni, vikombe vikapinduliwa vyote, mambo yakaisha. Wakachaguliwa hawa watatu. Mimi nilisamehewa kwa sababu mwandiko wangu hausomeki hata na mimi.

Redio akaandika kwamba binti huyu hajawahi kugombana na mtu ila pale inapobidi. Mheshimiwa akajaza karatasi nyingi, mpwa wake akamtaja mwanzoni na mwishoni, katikati yote ikawa habari ya uchaguzi alioshindwa. Kontena aliandika mistari michache tu, kisha akagonga mhuri wa duka: saruji, nondo, mabati, jumla na rejareja.

Kontena: Mti hauendi ila kwa nyenzo! Mhuri ule nimeugonga mara mbili, wa pili kwa ajili ya msisitizo. Hivi kuna profesa mwenye mhuri mkubwa vile?

Mheshimiwa: Hakuna.

Kontena: Na mada je? Mada tuliyompa ilikuwa na kasoro gani?

Maana chuo kilitaka pia mwombaji aandike jambo moja analotaka kulichunguza. Hilo nalo tulimsaidia. Hapo benchini, kahawa ikiwa ya Kontena, tulipitisha kwamba Spika atachunguza siasa za bandari na ucheleweshaji wa mizigo ya wananchi. Wakati ule niliona ni mada nzito sana.

Kontena: Basi tusikae kulia. Kuna chuo kingine, dirisha lao la maombi linafungwa leo jioni, yule binti mwenyewe kamwambia mjomba wake. Tutume maneno yaleyale. Tubadilishe jina la chuo tu, na mhuri nigonge mara tatu. Penye nia pana njia!

Redio: Na picha apigwe amevaa kofia, paji lisionekane.

Mheshimiwa: Naunga mkono.

Kontena: Haya, tumalize vikombe, tupige kura.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mwanamke mmoja mwenye aproni ya kiwandani, hatumjui, anasubiri nakala za mkataba wake wa kazi. Muda wote alikuwa akitusikiliza. Sasa akainua mkono nusu.

Mgeni: Samahani, wazee wangu. Mimi napita tu. Huyo dada mwenyewe alitaka kuchunguza nini?

Kontena: Si tumesema? Bandari.

Mgeni: Hiyo nimeisikia, baba. Nauliza ya kwake.

Kontena akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa, mjomba mtu, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza mwaka huu, akautoa waya sikioni.

Mheshimiwa: Alitaka... si mambo ya siasa?

Mgeni: Yapi?

Mheshimiwa: Ya siasa kwa ujumla.

Hapo ndipo Spika alipotoka na nakala za yule mama, karatasi bado za moto. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

Spika: Shikamooni. Nimewasikia. Mjomba, hamkuniuliza.

Mheshimiwa: Basi sema, mwanangu. Sema sasa.

Spika: Mimi ndiye ninayehesabu vikombe hapa tangu nimalize shule. Na tangu nianze kuhesabu, hoja ya mtu aliyenunua kahawa haijawahi kushindwa. Hata mara moja. Siku akinunua Redio, tunapitisha mambo ya mashine. Siku akinunua Kontena, tunapitisha bandari. Nataka kuchunguza kwa nini.

Sindano niliyokuwa nashonea kiatu kingine ikanichoma kidole. Nikakinyonya.

Kontena: Nini? Yaani mimi nahonga watu kwa kahawa? Mimi! Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, sikatai, lakini mimi nyama nawagawia wenzangu! Hii ndiyo shukrani ya mhuri wangu?

Spika: Sikusema unahonga, baba. Nimesema sijui kwa nini inakuwa hivyo. Ndiyo maana naomba kwenda kusoma.

Redio: Lakini hilo ni jambo dogo, binti. Kahawa? Vyuo vinataka mambo ya dunia.

Spika: Ndivyo mlivyosema na mwanzo, nikawasikiliza, kwa sababu nyie ni wakubwa zangu na siwezi kuwapita. Nikaandika bandari. Bandarini sijawahi kufika! Walimu wangu walinipigia simu kuuliza kwa nini sijawaomba barua, nikakosa la kusema. Mama kila siku ananiuliza jibu limekuja, na leo limekuja, sijui nitamwambiaje. Mmenipotezea mwaka mzima, mjomba. Mwaka wangu!

Mheshimiwa, mtu aliyewahi kuhutubia uwanja mtupu kwa saa nzima, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Nilitamani aseme samahani. Nilitamani niseme mimi. Hasira niliyokuwa nayo kwa chuo tangu asubuhi ilikuwa bado ipo, ila sikujua tena niielekeze wapi.

Spika: Kwa hicho chuo cha pili, walimu wangu wamekwisha kuandika barua. Iliyobaki ni mada, na hiyo ni yangu.

Kontena: Ngoja kwanza! Huendi kupeleka uongo chuoni ukatuchafulia kijiwe. Hapa tuna utaratibu. We muuza kahawa, njoo! Jaza vikombe vyote. Na mgeni mpe. Mpe na mgeni!

Muuza kahawa akajaza vyote.

Kontena: Sasa hoja ni hii. Anayeona maneno ya huyu binti hayana ukweli, kwamba hapa kila mtu anapiga kura kwa akili yake mwenyewe bila kuangalia kahawa ya mtu, akipindue. Na tuone!

Kahawa ilikuwa ya moto sana, nzuri pia. Kontena akagugumia yake na kukipindua kikombe kwa kishindo. Redio akafuata. Mheshimiwa akakawia, akamtazama mpwa wake, akaitazama birika, akapindua. Mimi nilikuwa nimeshaamua kukiacha wazi. Naapa nilikuwa nimeamua. Kisha nikaona Kontena ananitazama, na kwenye ulimi bado nina utamu wa sukari yake. Nikasikia kikombe changu kikigonga ubao.

Spika alihesabu kwa kidole, taratibu, kama anavyohesabu siku zote.

Spika: Vya kijiwe, vinne kwa vinne. Hoja imepita.

Akatabasamu, mara ya kwanza leo. Akatoa simu, akavipiga picha vile vikombe vyetu vilivyolala kifudifudi, akamkabidhi yule mama nakala zake na kurudi ndani.

Kontena: Mmeona? Kura haidanganyi!

Yule mama alikuwa bado ameshika kikombe chake, kimejaa, hajakigusa.

Mgeni: Samahani tena, wazee wangu. Hii kahawa kalipa nani?

Mheshimiwa akatazama barabarani. Redio akarudisha waya sikioni. Mimi niliokota kiatu nilichokitupa asubuhi nikakipangusa vumbi, na ndani ya duka tukasikia Spika ameanza kuchapa.