Kicheko cha Mzee Mayunga

Mpaka leo sijui Mzee Mayunga alikuwa anacheka nini. Picha yake tumeitazama kijiweni miaka miwili, kwenye simu ya Danford: mzee amekaa juu ya lundo la pamba, shingo ameigeuzia kulia, anacheka mpaka macho yamefumba. Benchi letu liko Bariadi mjini, barazani kwa Kija mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Salu hutuletea kahawa asubuhi na jioni. Danford tunamwita Wingu, kwa sababu alikaa Dar miaka kumi na tatu akitangaza huduma za kampuni ya kutunza picha na mafaili mtandaoni, kisha akarudi nyumbani. Picha ile ndiyo tangazo lake lililotia fora.

Asubuhi hiyo aliitoa tena.

— Watu laki mbili waliipenda, alisema Danford, akinigeukia. Laki mbili, Ngosha! Bosi alinipigia makofi mbele ya ofisi nzima.

— Ametajiwa bei ya pamba, alisema Mizani, mzee aliyepima pamba kwenye chama cha ushirika mpaka akastaafu.

— Tangu lini bei ya pamba ikachekesha mkulima? Kija alijibu kutoka ndani. Huyo ameona suruali ya Danford. Zile za kubana, katikati ya shamba!

— Basi ni dume lake la ng'ombe, Mizani akasema. Limeingia sebuleni kwa mchungaji. Mchungaji yuko juu ya meza, anaomba.

— Hilo dume liko wapi kwenye picha? aliuliza Kija.

— Pembeni. Wewe umejuaje kwamba halipo?

Tulicheka. Danford naye alicheka, kisha akabaki anaitazama simu.

— Mnajua kazi yangu ilikuwa nini? alisema. Nikiamka tu nahesabu. Wangapi wamependa, wangapi wamewatumia wenzao. Nikiwaambia watu wingu ni kompyuta za kampuni, zimepangwa kwenye jengo la mbali, wanasinzia. Nikawaonyesha mzee huyu, wakaelewa. Pembeni nikaandika: Kumbukumbu zako hazipotei.

— Na yeye mwenyewe alisemaje alipoiona? nikauliza.

— Sikurudi kumwonyesha. Nilikuwa nawahi ndege Mwanza.

Salu alikuwa anamimina mzunguko wa pili alipofika mama mmoja, amejifunga kanga mbili, viatu vina vumbi la safari.

— Mwangaluka, alitusalimu Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, tukamjibu wote.

Alimpa Kija kadi ya mpigakura.

— Mwanangu, nikuzie picha hii. Jumamosi ni misa ya arobaini ya mume wangu, kule Ngulyati. Sina nyingine.

Kija aliigeuzageuza kwenye mwanga. Uso ulikuwa umefutika nusu. Akatoka nayo nje, akamtazama Danford.

— Wingu, huyu si Mayunga?

Hakuna aliyejua kwamba mzee amefariki. Danford alisimama, akampa mama yule simu kwa mikono miwili.

— Pole, mama. Ninaye hapa. Anacheka.

Milembe, ndilo jina lake, aliitazama muda mrefu. Aligusa shavu la mzee na picha ikaruka, Danford akairudisha. Ndipo akauliza taratibu:

— Mimi niko wapi? Nilikuwa nimekaa hapa.

Kidole chake kilikuwa juu ya yale maneno: Kumbukumbu zako hazipotei.

Mizani aliinamia kikombe chake. Salu alisimama na birika mkononi.

— Nilikufunika, mama, alisema Danford. Nilitaka nafasi ya kuandika.

— Ile nzima unayo?

— Iko kwenye wingu la kampuni. Nilipoacha kazi walinifungia akaunti.

Siku nyingine Mizani angemcheka mpaka adhuhuri. Siku hiyo alisogea tu, mama akapata pa kukaa.

Tuliamua pale pale. Danford ampigie Elina, aliyekuwa mwenzake ofisini na bado yuko pale. Walikuwa wameachana kwa maneno makali na hawakuwa wamezungumza tangu hapo. Kija achape. Mimi nikajitolea kuipeleka Ngulyati, lakini Danford alikataa.

— Hapana. Hii naipeleka mwenyewe.

Alipiga simu hapohapo, amesimama juani, ametugeuzia mgongo. Sikusikia alichosema, ila nilisikia "samahani" mara mbili.

Elina aliituma Alhamisi. Kija aliichapa kubwa, akaitia kwenye fremu, nasi tukaja kuiona kabla haijafungwa. Kulia kwa mzee, kapu mapajani, alikuwa Milembe. Mdomo uko wazi, yuko katikati ya neno.

— Kumbe hilo ndilo dume la Mizani, alisema Kija, na hakuna aliyecheka sana.

Ijumaa asubuhi Danford alipanda pikipiki, fremu ameizungushia kanga na kuikumbatia kifuani. Alirudi jioni, tukamkuta benchini.

— Uliuliza? Mizani akadakia. Alimwambia nini mzee?

— Nilimuuliza. Aliitazama picha, akacheka peke yake, halafu akaniambia, "Hayo tuliongea wawili." Akaiingiza ndani.

— Na wewe ukampiga picha akiipokea? aliuliza Salu.

— Hapana, alisema Danford, akanyoosha kikombe.