Bibi Guat Neo na Kifuniko cha Ngazi

Wasikilizaji wapendwa, hebu punguzeni moto wa jikoni, kaeni. Leo tunamkumbuka Bibi Lim Guat Neo, aliyetutoka Jumatatu akiwa na miaka themanini na mitatu. Hapa Melaka nani hamjui? Ni yule mama mfupi wa mwavuli wa kijani. Aliwatembeza wageni kutoka kanisa jekundu hadi hekalu la ubani, kutoka hekaluni hadi msikitini, na mwisho akawaingiza katika ile nyumba ya kale ya Mtaa wa Waholanzi. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa. Narudia, thelathini na tisa.

Wengi mlimwita shujaa. Yeye hakulipenda jina hilo, na kabla hajafa alinituma niwaambie kwa nini. Nitawaambia. Mjumbe hauawi.

Kwanza mjue kwamba alikuwa mwoga. Mwanawe, Kim Hock, haoni aibu kulisema. "Mama alikuwa mwoga, jamani! Radi ikipiga anaingia chini ya meza na sufuria yake ya wali. Paka akiruka juu ya bati, anaita majirani. Lakini mbele ya wageni, weee! Utadhani jenerali."

Na katika nyumba ile ya kale ndipo ujenerali ulipokolea. Mnaijua ile nyumba, nyembamba kwa mbele, ndefu kwa nyuma mpaka unachoka. Ngazi ina kifuniko kizito cha mbao. Wazee walikuwa wakipanda kulala wanakishusha, wanakaza komeo, mwizi abaki chini. Na chumba cha juu kina tundu sakafuni, upana wa kiganja. Ukilala kifudifudi unamwona aliye barazani, mbele ya mlango.

Barazani pale alikaa fundi wa nyumba, Bosco Theseira, wa Kijiji cha Wareno. Akiranda, akipiga mluzi. Kila siku Bibi Guat Neo alilala sakafuni akaita kwa sauti ya kikongwe, "Nani huyo mlangoni?"

"Mposaji, bibi! Nimekuja kuoa!"

"Una mali gani, wewe?"

"Nina randa, nina msumeno, na meno yangu yote!"

Wageni huvunjika mbavu. Miaka kumi na miwili walifanya mchezo huo, wala haukuwachosha.

Sasa sikilizeni vizuri. Ni mwezi wa nane, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo. Asubuhi Bosco anamwambia, "Bibi, leo usikishushe kile kifuniko. Mbao imevimba. Kesho nitaipitisha randa."

"Nimekusikia, Bosco. Mimi si kiziwi."

Saa tano wakaja walimu kumi na mmoja kutoka Ipoh. Wakapanda juu. Bibi akawaonyesha kifuniko, akawaeleza habari za wezi. Mwalimu mmoja mwanamume, mcheshi wa kundi, akasema, "Mama, hiki kinafanya kazi kweli, au pambo tu kama saa ya mjomba wangu?"

Wenzake wakacheka. Bibi Guat Neo alichomwa na kicheko kile. Akakishika kifuniko kwa mikono miwili, akakishusha, akalipiga komeo kwa kisigino. Pa! "Haya. Mwizi aje sasa."

Chini, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ajili ya mvua, mshumaa wa madhabahu ya mababu uliangukia kitambaa chake cha hariri. Haikujulikana kama ni upepo au panya. Walioko juu hawakuona kitu. Walisikia harufu, wakadhani ni ubani.

Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye nyufa za sakafu, baina ya miguu yao.

Bibi alirukia komeo. Komeo haliendi. Akavuta, akapiga, kucha zikakatika. Wanaume watatu wakavuta pamoja naye. Haliendi! Madirisha ya mbele yana nondo za chuma za tangu enzi ya babu. Yale ya ndani yanaelekea uwazi wa katikati ya nyumba, na humo moshi ulikuwa unapanda mweusi. Mwalimu mmoja wa kike akaanza kulia akiita jina la mtoto wake. Bibi akapiga magoti. Akatambaa hadi kwenye tundu.

"Bosco! Moto! Bosco, tunakufa!"

Na Bosco, wasikilizaji wangu, Bosco akacheka. "Moto wa mapenzi, bibi? Ngoja basi nivae viatu!"

Randa ikaendelea. Wapita njia wawili wakapiga makofi.

"Si mchezo! Bosco, si mchezo!"

"Hata mimi sichezi, bibi, nataka mahari ndogo!"

Hebu fikirini. Unaungua, unamwona mtu wa kukuokoa, utosi wake uko pale chini, na anakutania. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kadiri alivyolia ndivyo Bosco alivyosifu: leo bibi umetia fora!

Blauzi yake ilifungwa kwa pini tatu za dhahabu. Zilikuwa za mama yake, na kabla yake za bibi yake. Hata kuoga alizitia kwenye kikombe akakiweka pale anapokiona. Alizichomoa zote tatu, akaishika blauzi kifuani kwa mkono mmoja, akazitupa tunduni. Zikaanguka juu ya maranda ya mbao, miguuni pa Bosco.

Mluzi ukakatika. Bosco akainua uso, na safari hii akauona moshi.

Mlango wa chini ulikuwa hauingiliki tena. Akakimbilia nyumba ya jirani, akatokea juu ya paa, maana paa za mtaa ule zimeungana. Akavunja vigae kwa nyundo na kwa mikono mitupu, akateremsha ngazi ya jirani. Walimu wakapanda mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Bibi akabaki peke yake, amekumbatia mguu wa kitanda.

"Siwezi, Bosco. Naogopa."

"Naogopa na mimi, bibi. Nishike shingo." Akashuka ndani ya moshi, akambeba mgongoni.

Wote walipona. Narudia, wote walipona.

Siku tatu baadaye wenye nyumba waliitisha kikao. Walimu walikuwa wamesharudi kwao, na hakuna aliyewauliza kitu. Bibi akaulizwa, "Kifuniko kilifungwa na nani?"

Aliogopa kufukuzwa. Aliogopa macho ya watu. Akasema, "Kilianguka chenyewe."

Maneno mawili tu. Na kifuniko kikianguka chenyewe, mwenye kosa ni fundi. Bosco alikuwepo, kofia mkononi, viganja vimefungwa bendeji. Aliyasikia, akavaa kofia, akatoka. Alifukuzwa siku ileile. Bibi akapewa cheti cha ushujaa katika fremu. Baada ya hapo hakuna mwenye nyumba ya kale aliyempa Bosco kazi. Akaishia kupigilia masanduku ya samaki, mpaka alipofariki mwaka elfu mbili na tisa.

Wiki tatu zilizopita Bibi aliniita hospitalini. Alinishika mkono, vidole baridi. "Mwanangu, sema redioni nilikifunga mimi. Bosco alinikataza, nikakifunga. Sema nikishakufa. Nikiwa hai siwezi, bado naogopa." Tangu mwaka ule akimwona Bosco sokoni alikuwa akiacha hata mboga alizokwisha kulipia, anakimbia.

Kim Hock amekubali tuyaseme haya. Nami kabla ya kuja hapa nilikwenda kwa binti wa fundi, Filomena. Nilidhani nampelekea habari.

"Dada," akaniambia, "Baba alijua. Alikuwa barazani, alilisikia lile komeo likipigwa. Nilimuuliza, Baba, kwa nini hukusema? Akanijibu, 'Yule bibi nilimbeba. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nimtoe motoni halafu nimrudishe mwenyewe?'"

Kisha Filomena akajifuta macho. "Lakini alimngoja. Kila Krismasi nyumba yetu iko wazi kwa mji mzima, na kila Krismasi alisema, labda mwaka huu atakuja."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole watoto na wajukuu wa Bibi Lim Guat Neo. Mungu awape subira. Na leo, kwa kuchelewa sana, tunaipa pole familia ya fundi Bosco Theseira, ambaye hakukosea kitu.

Kutoka Mtaa wa Waholanzi hadi Kijiji cha Wareno ni mwendo wa robo saa kwa baiskeli. Bibi alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kwenda. Kama yuko mtu uliyemkosea, na unamwogopa, na bado yu hai, usiningoje nimalize. Zima redio, uende.