Risala ya Wazazi wa Meza Moja kwa Mjumbe wa Mazungumzo, Kabla Nadav Hajavaa Sare

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mjumbe Maalumu wa Mazungumzo. Maofisa mlioongozana naye. Wazazi wenzetu wa pande zote mbili. Na ninyi vijana wetu mliokaa nyuma:

Salamu zetu kwenu, kwa Kiarabu na kwa Kiebrania. Wenzangu wamenichagua mimi, Makhluf Azulai, fundi wa makochi kutoka Kiryat Malakhi, niwasomee. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo neno lililokaa vibaya ni langu. Yaliyobaki ni yetu sote.

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, tunashukuru umefika kwenye bustani hii ya miche ya mwenzetu Abu Rizq. Tunakutana hapa kwa sababu ni mahali ambapo sheria inatuacha sote tukae. Nikivuka kile kibao chekundu cha kutukataza pale mbele, mimi Myahudi nimevunja sheria. Abu Rizq naye akienda kule nyuma akapita kizuizi cha jeshi bila kibali, amevunja yeye. Katikati ndipo tulipopata nafasi ya kuweka meza.

Ofisi yako ilitupigia simu wiki iliyopita, ikaomba risala iwe fupi na yenye matumaini. Fupi tumejitahidi.

HISTORIA YETU

Kila mzazi aliyekaa hapa amezika mtoto. Hicho ndicho kiingilio, na hatumwombei mtu yeyote ajiunge. Abu Rizq mpaka leo anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, Rizq, aliyepigwa risasi akitoka kuchuma zeituni. Mwanangu Eliran aliuawa kwenye kituo cha basi, mkononi ana mfuko wa mikate ya Ijumaa, ya kupokelea Sabato.

Aliyeanza kuja hapa ni mke wangu, Simi. Aliniambia, "Makhluf, wewe kaa na hasira yako. Mimi naenda kukaa na watu wanaojua ninacholilia." Nilikuwa namleta, nabaki garini. Siku moja Abu Rizq akanigongea kioo.

"Fundi, wali unapoa."

"Sina njaa. Nina hasira."

"Shuka nayo. Humu ndani zimejaa, moja zaidi haitaonekana."

Nikashuka. Simi alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Hospitali iliandika kwamba ni moyo. Hatukubishana na hospitali.

Sasa kwangu amebaki mwanangu Nadav, na kwa Abu Rizq amebaki binti yake Rawan, anayesomea uuguzi. Novemba Nadav anaingia jeshini, kama sheria inavyowalazimu vijana wetu. Rawan anapita kizuizini kila asubuhi kwenda chuoni. Mheshimiwa, yote tutakayosema leo ni kwa ajili ya hilo.

MAFANIKIO

Tumekula pamoja miaka yote hii, kwenye sahani za karatasi ili wenzetu wanaoshika sheria za chakula wasipate shida, na hakuna aliyeinuka kwa hasira akaenda asirudi. Wengine wameinuka, ndiyo. Wakazunguka miche, wakarudi kukaa.

Pia tuna jambo moja la kukuonyesha. Mashamba ya zeituni ya kijiji hiki yalifungwa na jeshi, na kila msimu kulikuwa na mawe, moshi na vijana kuvunjwa mikono. Tukamfuata ofisa wa eneo, tukawafuata wazee wa kijiji. Kila upande ukasema hauongei na mwenzake. Tukasema sawa, msiongee, njooni tu mkae. Walikaa pale ulipokaa wewe. Siku ya kwanza walizungumzia lango la mashamba tu: nani atashika ufunguo. Siku nyingine saa za kufungua. Ilichukua kutoka msimu mmoja wa mavuno hadi mwingine, lakini lango linafunguliwa, na msimu uliopita hakuna aliyeumia isipokuwa mama mmoja aliyeanguka kwenye ngazi yake mwenyewe.

Hatusemi lango ni nchi. Tunasema tumeona kwa macho yetu kwamba watu wasiopendana wanaweza kukaa, wakapatana jambo, na jambo likashika. Kwa hiyo mtu akituambia mazungumzo hayafai, tunamuuliza ni yapi aliyoyajaribu.

CHANGAMOTO

Majirani wametuchoka. Wangu hunisubiri kwenye ngazi: "Makhluf, bado unakula wali kwa maadui? Umeshiba?" Namjibu, "Nimeshiba. Wewe miaka yote hii ya kutokwenda umeshiba nini?" Binamu ya Abu Rizq alimwambia mbele ya watu kwamba ameuza damu ya mwanawe kwa sahani ya karatasi. Hayo tumeyazoea.

Tusiyoyazoea ni ya wakubwa. Mwaka jana tulikwenda ofisini kwa aliyekutangulia kuomba kikao cha mazungumzo ya pande mbili kirudi. Kwa kina Abu Rizq kuna desturi: ukienda kwa mtu na ombi zito, akikumiminia kahawa unaiweka chini. Huinywi mpaka akubali. Ukiinywa, umesema shida yako imekwisha. Abu Rizq akaweka kikombe chake chini. Mwenzetu Shmil, dereva wa basi mstaafu, alikuwa ametoka kupanga foleni juani. Akanywa, akasifu, akaomba kingine. Aliyekutangulia akafurahi sana. Akasema ameona wageni wake wameridhika, akasimama kutuaga.

Garini Abu Rizq akamwambia, "Shmil, umelinywa ombi letu."

"Ningejuaje? Mngenikanyaga mguu."

"Nilikukanyaga."

"Nilidhani unataka sukari."

Tulicheka mpaka kizuizini. Hapo kicheko kikaisha, maana kina Abu Rizq walishushwa na sisi Wayahudi tukapitishwa.

Shmil alikosea, tunakubali, na ameomba radhi. Lakini wakubwa wa huku na wa kule, na ninyi mnaokuja kutoka mbali, mnanywa kahawa kwenye vikao miaka yote na mnasimama bila kukubaliana lolote, na hatujasikia mmoja wenu akiomba radhi. Wanaotuambia subirini wana watoto wanaosoma ng'ambo. Misiba yetu wanaijia kwa miwani myeusi, wanasema mtoto huyu ni wa taifa zima, halafu taifa linaondoka na magari yake na sisi tunabaki kuosha vikombe.

MAOMBI

Mheshimiwa, hatukuombi amani leo jioni. Tunaomba kikao. Pande zote mbili ziitwe, zikae, na zianze hata na jambo dogo kama lango. Tunaomba kianze kabla ya Novemba, na kisivunjwe siku mtu atakapouawa, kwa sababu siku hiyo ndiyo kinapohitajika zaidi. Na tunaomba wazazi wawili, mmoja kila upande, wakae chumbani humo. Si lazima waongee. Wakae tu mahali wakubwa watakapowaona.

Nadav na Rawan wamekulia kwenye meza hii. Walianza kwa kunyang'anyana ukoko wa wali. Juzi tulimsikia Rawan akimwambia, "Wewe Nadav, ukinisimamisha pale kizuizini nitakusemea kwa baba yako." Akajibu, "Na wewe usije na mkoba mzito, mimi ni mvivu wa kupekua." Wakacheka. Sisi wazazi hatukucheka. Usiku mmoja mwanangu aliniuliza, akipewa amri juu ya Rawan afanye nini. Rawan naye amemuuliza baba yake, akimkuta Nadav kizuizini amsalimie au apite kama hamjui. Mimi na Abu Rizq tumekaa tukafikiri, na hatuna jibu. Wakubwa wanaotoa amri ndio wenye jibu, na wewe unakula nao. Kwa hiyo ukisimama kujibu risala hii, tafadhali usitujibu sisi. Wajibu vijana hawa wawili. Nadav ndiye mwenye shati la kijani, na yule pembeni yake ndiye Rawan.

Mungu akujalie uzee mrefu, na siku yako ikifika watoto wako wote ndio wakuzike, asikosekane hata mmoja.

Ni sisi,
Wazazi wa Meza Moja