Valvu ya Lita Arobaini

Pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi iendayo mashambani, mbele ya kibanda cha kinyozi, pana benchi lililoundwa kwa mlango wa zamani. Tundu la kitasa bado lipo, na mgeni ndiye huachiwa akalie hapo. Kila siku saa nne asubuhi Shangazi huweka birika lake la kahawa kwenye jiko pembeni, na wenyewe hufika mmoja mmoja: Redio, ambaye ndiye kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa habari hazimpiti wala haziishi; Kiraka, fundi wa matairi; na Presha, fundi wa haidroliki, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu ambaye mikono yake hunuka mafuta ya mitambo hata siku ya mapumziko. Siku hiyo Presha alikuwa wa kwanza kufika, na hakuagiza kahawa.

Sababu ilikuwa imeshaenea mtaa mzima. Saa moja na nusu asubuhi hiyo, trekta la shamba kubwa, lile lenye usukani wa kujiendesha, lilikuwa limeacha mstari wake katikati ya kulima, likakata kushoto ghafla na kuingia kwenye ukuta wa nyumba ya pampu ya maji. Dereva alirushwa chini, akavunjika mkono. Dereva mwenyewe ni mdogo wake Presha, baba mmoja mama mmoja, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minane amelima mistari iliyonyooka mpaka watu wakaliacha jina lake na kumwita Rula. Na aliyeufunga usukani ule alikuwa Presha.

Alikuwa ametoka zahanati. Muuguzi alimwambia mgonjwa wake anafungwa plasta, arudi baadaye. Alipotoka nje hakujua aende wapi, miguu ikamleta kijiweni yenyewe. Shangazi alimmiminia kahawa bila kuulizwa, akamwekea mkononi, naye akabaki ameishika mpaka ikapoa.

Redio ndiye aliyeanza. Alisema yeye tangu mwanzo hakuipenda habari ya trekta kuongozwa kutoka angani. Alidai asubuhi ile kulikuwa na wingu zito upande wa mashariki, satelaiti ikakosa pa kuchungulia, ikalipeleka trekta kwa kukisia. Kiraka akapinga, kwake yeye kila ajali inaanzia kwenye gurudumu. Tairi la kushoto likipungua upepo, trekta litavuta kushoto, hata liongozwe na malaika. Shangazi, aliyekuwa akikung'uta majivu, alisema pale penye nyumba ya pampu zamani palikuwa na gereji, na chini kumefukiwa vyuma vya kila aina. Chuma kinavutana na chuma. Kwa nini lisiende mahali pengine, liende pale?

Hoja ya vyuma ilimpa Redio nguvu mpya. Sasa akasema huenda satelaiti haikukosea kabisa. Huenda kuna mtu amekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, nchi ya mbali, ana kioo mbele yake, na anajichezea na matrekta ya watu.

— Mtu aache shughuli zake aje kumgonganisha Rula na nyumba ya pampu? Kiraka aliuliza.

— Mtu huyo hamjui Rula. Kwake huyo ni kidoti tu kwenye kioo.

Kiraka alifikiri kidogo, kisha akatoa lake, na hakuwa akitania. Trekta lile lina akili yake. Limefundishwa kukumbuka kila mstari uliolimwa. Sasa kitu kinachokumbuka si kitachoka? Kitaamrishwa hadi lini?

Siku nyingine Presha angewacheka hadi machozi. Siku hiyo alijikuta akitikisa kichwa kukubali. Aliikubali satelaiti, akakubali wingu, na kama wangeendelea angekubali hata yule mtu wa kwenye kiyoyozi, kwa sababu kila dhana yao ilimpa nafasi ya kuvuta pumzi. Walichokuwa hawasemi ndicho alichokuwa akikiogopa tangu zahanati.

Usukani ule, ukiuondolea maneno makubwa, si kitu kigumu kueleweka. Chombo kilichofungwa juu ya paa hupokea habari kutoka kwenye satelaiti. Kompyuta ndogo huona trekta limepotoka kiasi gani. Kisha hupeleka umeme kwenye valvu, na valvu hufungulia mafuta yaende kwenye silinda inayosukuma magurudumu ya mbele. Umeme kidogo, mafuta kidogo. Umeme mwingi, mafuta mengi. Ulaini wote wa usukani umo kwenye hiyo valvu, na kuichagua ndiyo kazi aliyoachiwa Presha wiki sita zilizopita, kwa matrekta mawili.

Kwenye kitabu cha vipuri zilikuwa za aina mbili. Moja ya kupitisha lita kumi na mbili kwa dakika, nyingine lita arobaini. Ile ndogo ilienea kiganjani. Presha alicheka alipoiona. Alisema hicho ni kichezeo, hakiwezi kugeuza mnyama mzito namna ile. Pampu ya trekta ilikuwa ikitoa lita arobaini na tano, akaona valvu ya arobaini ndiyo saizi yake. Meneja wa shamba alimuuliza kama ana hakika, naye akamjibu kwamba ameanza kazi hii kabla meneja hajaota ndevu.

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili lilikuwa juzi tu. Rula alipita karakana baada ya kazi, akamwambia kwamba trekta likienda taratibu linatulia, lakini akiongeza mwendo magurudumu ya mbele yanatetemeka, yanakwenda huku na huku. Presha alikuwa chini ya gari la mtu. Hakutoa hata kichwa. Alimjibu kwamba atazoea.

Redio alikuwa bado anaeleza jinsi yule mtu wa nchi ya mbali anavyolipwa kwa ajali moja moja, Shangazi aliposema taratibu:

— Huyo anakuja.

Rula alikuwa akija kwa miguu kando ya lami, plasta nyeupe mpaka juu ya kiwiko, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Vumbi la ukuta lilikuwa bado kwenye nywele zake. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile hata siku moja. Alikuwa akisema wanaokaa pale hawana kazi. Kiraka aliinuka kumpisha. Akakataa kwa kichwa, akasimama mbele yao. Wote walimpa pole, naye akazipokea. Presha aliitazama ile plasta.

Redio akamweleza habari ya wingu, vyuma, na mtu wa kwenye kiyoyozi. Rula alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia kaka yake.

— Lile la pili liko wapi?

Redio alitazama birika. Presha alisikia swali, na kwa muda halikumwingia, kwa sababu akilini mwake trekta la pili lilikuwa bandani. Lilikuwa na tairi bovu tangu wiki iliyopita. Alilifungia valvu ile ile, akaliacha hapo hapo, likisubiri tairi. Alitaka kusema hivyo.

Halafu akamwona Kiraka. Kiraka alikuwa ameweka kikombe chini.

— Tairi nimelifunga asubuhi, akasema. Babu Gia alikuja nalo kwangu, akaondoka nalo saa tatu. Hakupita ofisini. Kasema anawahi shamba la chini.

— Shamba la chini wanapandikiza leo, Rula alisema. Kina mama wanafuata nyuma ya trekta. Wako kama thelathini.

Redio, ambaye simu yake ina namba za watu wote, alimpigia Babu Gia, mzee aliyeendesha matrekta tangu enzi za gia za kupiga kwa goti. Ikaita mpaka ikakata. Juu ya trekta hakuna anayesikia simu. Kiraka hakungoja apige tena. Alishawasha pikipiki, na Presha alishapanda nyuma, ile kahawa baridi imemwagika yote juu ya suruali yake.

Njia ya shamba la chini ni dakika kumi kwa pikipiki. Katika dakika hizo Presha alielewa kila kitu, na ubaya wake ni kwamba hakikuwa kigumu. Kompyuta iliomba tone, valvu ikamwaga ndoo. Ikaona trekta limepitiliza, ikaomba tone la kulirudisha, ikamwagiwa ndoo nyingine. Huku, huku, kila safari zaidi. Kwa mwendo wa kobe hayo huonekana kama mtetemo. Mwendo ukiongezeka, siku moja linakata. Na Rula alipoukamata usukani kwa mikono miwili, mikono yake ilikuwa ikishindana na lita arobaini.

Waliliona kutoka juu ya tuta. Lilikuwa linakwenda vizuri. Hilo ndilo lililomtisha Presha kuliko yote: lilikuwa linakwenda vizuri, mistari nyuma yake imenyooka, kina mama wameinama kando kando wakiweka miche ardhini, wengine wakizungumza. Babu Gia amekunja mikono kifuani, anafurahia utundu wa dunia ya sasa. Presha alishuka kabla pikipiki haijasimama, akakimbia, mikono juu. Babu Gia alimwona. Akampungia.

Kisha mzee akafika kipande kirefu kilichonyooka, akaongeza mwendo.

Magurudumu ya mbele yalianza kucheza. Presha aliyaona akiwa mbali hatua mia moja: kushoto, kulia, kushoto. Akapiga kelele jina la mzee, jina lake hasa, si la utani. Trekta likakata kulia, kwenye mstari wa kina mama. Wakatawanyika, matenga ya miche yakaruka. Presha baadaye hakukumbuka alivyofika. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya pua ya trekta, mikono imenyooshwa kama mtu anayezuia ng'ombe, na Babu Gia amesimama wima juu ya klachi na breki. Lilisimama. Alinyoosha mkono akagusa bamba la mbele. Lilikuwa la moto.

Hakuumia mtu. Mama mmoja alikuwa amekaa chini kwenye tifutifu, mche bado mkononi, anatazama kandambili zake alizokuwa amezivua hapo kando. Gurudumu lilikuwa limepita juu yazo zote mbili. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akajitazama miguu.

Babu Gia alizima injini. Alisema hajui kimetokea nini, hakugusa kitu, naapa sikugusa kitu. Presha alimwambia anajua kwamba hakugusa. Aliwageukia kina mama, waliokuwa wameanza kusogea, na akasema maneno ambayo asubuhi nzima hakuweza kuyasema:

— Ni mimi. Nilichagua valvu kwa kuangalia pampu. Sikuipima silinda. Na mwenye kuendesha aliponiambia, sikutoa hata kichwa.

Wengi hawakuelewa habari ya silinda. Walimwelewa vizuri sana kwenye hilo la mwisho.

Adhuhuri alirudi kijiweni, akawaambia wenzake hayo hayo. Akatoka hapo akaenda kwa meneja, akarudia. Meneja alimsikiliza bila kuketi na kusema atafikiri kama atamruhusu kugusa tena kitu chochote pale shambani. Alifikiri wiki mbili. Mwisho aliyeamua alikuwa Rula. Alimwambia meneja kwamba fundi mwingine atakuja na kiburi chake mwenyewe; huyu cha kwake kimeshavunjika, afunge yeye.

Wakapima pamoja. Rula alishika ncha ya futi kwa mkono mzima, Presha akasoma unene wa silinda na urefu wa mwendo wake. Wakahesabu sekunde ambazo magurudumu yanahitaji kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Presha alipiga hesabu kwenye gamba la boksi, akairudia mara tatu, na Rula akairudia mara ya nne. Ilitoka lita tisa kwa dakika. Walikaa wakilitazama lile gamba la boksi. Kile kichezeo cha lita kumi na mbili kilikuwa kinatosha na kubaki. Presha akakifunga kwenye matrekta yote mawili.

Plasta ilipotolewa, Rula alipanda juu ya trekta kwa mara ya kwanza tangu ajali, akawasha, akamngoja kaka yake. Presha alikuwa amesimama chini na begi lake la spana, akidhani ataangalia kutoka pembeni.

— Panda, Rula alisema. Kaa hapa ubavuni mwangu.

Akapanda. Walikwenda taratibu, kisha si taratibu. Kwenye kipande kirefu Rula aliongeza mwendo mpaka ule ule wa siku ile, akaubonyeza usukani ujiendeshe, na akaachia mikono. Presha alikuwa amekamata bamba la juu ya gurudumu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Usukani ulisogea upana wa kidole kimoja kuelekea kulia, ukatulia, ukarudi nusu ya huo. Basi.

Nyuma yao mstari ulikuwa ukitoka ardhini, lakini Presha hakugeuka kuutazama. Alikuwa akiutazama mkono wa mdogo wake, ule uliokuwa kwenye plasta, mwembamba kidogo kuliko mwenzake, ukiwa umelala wazi juu ya goti.