Kamera Mbili na Mlima wa Mama Triza

Kijiwe chetu hapa mtaa wa Umoja ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe, kando ya jiko la kahawa la Samatar. Ukifika kabla jua halijatoka utawapata wale wale. Kuna Wachira, fundi wa redio, tunayemwita Transista, ambaye kwake kila kitu kina mawimbi, hata ugali. Kuna Mulongo wa kiwanda cha sabuni, tunayemwita Askofu ingawa hajawahi kukabidhiwa kanisa. Ana methali kwa kila jambo, na haziingiani na jambo lolote. Mimi ni kinyozi, kazi yangu kuinamia vichwa vya watu. Juu yetu, ghorofa ya nne, anaishi Muhonja, mama yake Triza. Magoti yamemfanya ashuke Jumapili tu, ngazi kwa ngazi, akishika ukuta, na akifika chini tunainuka sote tumpishe apumzike kwenye ubao kabla ya kwenda kanisani. Siku nyingine anateremsha kindoo chake cha manjano kwa kamba, tunamwekea kahawa na mahamri, kisha anakivuta juu.

Asubuhi ninayoisimulia, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na hewa imetakata. Mume wa Muhonja, Luseno, ambaye kwetu sisi ni Gia kwa sababu ya lori analoendesha mpaka Moyale, aliketi katikati yetu akafungua kitambaa. Kamera mbili. Nyeusi zote, ndogo za kuingia mfuko wa shati, zimefanana kama macho ya mtu mmoja.

Gia: Nzivo wa duka la picha pale mtaa wa Tena amenipatia zote mbili nijaribu. Nachukua moja, nyingine inarudi kwake. Lori inapakiwa saa hii, wakinipigia simu nimeenda. Nisaidieni kuchagua, wasee.

Transista: Kwani simu yako imekufa?

Gia: Simu ukipiga picha gari ikienda, inatoa uji. Nataka kitu ya kushika barabara vizuri.

Mimi: Barabara umeiona maisha yako yote, Gia. Picha ya nini?

Aliangalia kikombe chake kwanza.

Gia: Zamani nikirudi, Mama Triza alikuwa ananiuliza, "Umeona nini?" Naongea mpaka chai inapoa. Siku hizi anauliza tu, "Umekula?" Naogopa kuna siku hata hiyo hataniuliza.

Samatar alimjazia kikombe bila kuombwa.

Gia: Sasa sikizeni. Hii ya kamba nyekundu inavuta. Kitu iko mbali inakuja hapa kwa pua. Lakini mwanga ukipungua, picha inakaa kama imemwagiwa unga. Hii ya kamba nyeusi haivuti sana, lakini alfajiri, jioni, ndani ya nyumba, inaona kuliko mimi na wewe.

Transista: Nyekundu! Safari ni mambo ya mbali, buda. Ya karibu unaipigia nini picha na uko nayo?

Askofu: Nyeusi. Huyu anatoka na giza, anafika na giza. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Transista: Hiyo imeingia wapi na kamera?

Askofu: Itaingia tu. Methali haikosi nafasi.

Basi Askofu akachukua ile ya kamba nyeusi, akamlenga Samatar akimimina kahawa. Kulikuwa bado na kiza, hata sura za watu nilikuwa nazijua kwa sauti. Tulipoinamia kioo cha kamera, mimi nilisahau kumeza. Makaa yalikuwa mekundu moja moja. Mvuke ulikuwa umesimama. Mkono wa Samatar ulionekana mshipa kwa mshipa, na tone la kahawa lilikuwa limekatika kwenye mdomo wa birika, bado halijafika kikombeni.

Samatar: Huo si mkono wangu.

Askofu: Ni wako, mzee.

Samatar: Ni wa baba yangu. Alikuwa anamimina hivyo hivyo, kule Majengo. Sikujua nimeurithi.

Aliirudisha kamera kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto mchanga.

Askofu: Mmeona? Hii inakula mwanga. Ukikaa nayo kwa nyumba mwezi mmoja, hata balbu zako zitaanza kufifia.

Transista: Wacha uongo. Tazama mawimbi yenyewe yakifanya kazi.

Akainua ile nyekundu. Lenzi ikachomoza polepole kama kichwa cha kobe. Akailenga ghorofa ya nne, ambako kulikuwa kumeanza kupata mwanga, akavuta, akavuta tena, akabonyeza.

Alikuwa Muhonja, amesimama kwenye kibaraza chake, mikono juu ya chuma. Tuliona mpaka uzi wa leso yake. Lakini kilichotushika ni macho. Hakuwa akituangalia sisi, wala barabara. Alikuwa akiangalia mbali, juu ya mapaa, mdomo umefunguka kidogo, uso wote umelainika. Nimeona nyuso nyingi kwenye kioo changu cha kinyozi, lakini uso uliojaa furaha ya kimya namna ile nauhesabu kwa vidole.

Gia aliishika kamera karibu na macho.

Gia: Manze. Hii sura sijaiona siku mingi.

Mimi: Anaangalia nini?

Gia: Sijui.

Askofu: Bibi yako, na hujui?

Kabla hajajibu, kindoo cha manjano kilishuka kikagonga ubao.

Mama Triza: Nyinyi wanaume wa hapo chini! Ni kahawa ama ni mkutano?

Gia alizifunga kamera kwa kitambaa, akazilaza ndani ya kindoo.

Gia: Mama Triza! Hiyo kitu unaangalianga hapo, ipige picha! Na zote mbili!

Mama Triza: Nipige nini?

Gia: Hiyo hiyo!

Kindoo kilipanda kikiyumba. Askofu alivua kofia. Tulisikia kicheko kule juu, kisha kindoo kikarudi polepole kuliko kilivyopanda.

Ile nyeusi ilikuwa imeshika mapaa yote ya Umoja yakimeta maji, matangi, nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, na mbingu ya zambarau ikigeuka dhahabu. Mwisho kabisa wa mbingu kulikuwa na kitu kidogo, kama jino. Kisha Gia akawasha ile nyekundu.

Mlima. Mlima mzima, umejaa kioo, vilele vimechongoka, na theluji juu yake inawaka.

Transista: Kirinyaga. Wasee, hiyo ni Kirinyaga. Cucu, nyanya yangu, alikuwa anaomba akiielekea. Kumbe iko hapa Umoja!

Mimi: Mama Triza! Hii kitu uko nayo hapo tangu lini?

Mama Triza: Mlima? Huwa hapo mvua ikinyesha usiku. Hamjawahi kuniuliza.

Miaka yote nimenyoa watu chini ya kibaraza kile, na sikuwahi kujua kwamba juu yangu kuna mama anayeamka na mlima.

Gia: Lakini hii si ni ile ya pale Timau? Mimi hupita chini yake kila safari. Hapo ndio huwa navaa sweta.

Askofu: Yaani unapita mlangoni pa Mungu ukitafuta sweta!

Transista: Sikizeni. Mwanga wa huko umesafiri mpaka hapa, si ndio? Basi hiyo ni mlima ya jana. Ukivuta zaidi unaona juzi. Ukipata kamera ya kuvuta kabisa, unamwona babu wa kwanza akishuka na mbuzi zake.

Askofu: Na hii nyeusi inashika mwanga kabla haujafika. Hiyo ni picha ya kesho.

Transista: Basi Gia abebe zote. Amletee mama jana na kesho.

Samatar: Na leo, ataletewa na nani?

Transista: Leo ni kahawa, mzee. Mimina.

Hapo ndipo alipofika Mumina na chupa yake ya chai. Alikuwa amehamia chumba cha chini juma lile, kutoka Isiolo, na hakuna aliyemzoea bado. Alisalimia, akaangalia ile picha, akatabasamu.

Mumina: Huyu tunamjua. Sisi kwetu tunamwona kwa mgongo. Kamera ni za nani?

Gia: Nachagua moja, dada, nimletee mama wa hapo juu safari. Moja inaona mbali, moja inaona gizani.

Mumina: Unaenda na gari gani?

Gia: Lori.

Mumina: Iko na viti ngapi?

Gia: Tatu.

Mumina: Mnakaa nani?

Gia: Mimi na msaidizi wangu.

Mumina: Na kile kingine?

Gia: Huwa naweka blanketi.

Mumina: Na hiyo blanketi huangalia mlima?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu. Transista alisema, "Lakini magoti..." akaachia hapo, kwa sababu sote tunamwona akishuka kila Jumapili. Askofu alifungua mdomo kutafuta methali, akaufunga. Samatar aliinamisha birika juu ya chupa ya Mumina, likatoka tone moja, kahawa ikawa imekwisha. Simu ya Gia ikalia.

Gia: Ndio. Nasikia imejaa. Ningojeni kidogo.

Akasimama, akarudisha kichwa nyuma.

Gia: Mama Triza! Ile sweta yako ya kijani iko wapi?

Kutoka juu tukasikia, si kwa nguvu, "Ya nini?"

Gia: Timau kuna baridi!

Mama Triza alifunga kamba kwenye chuma cha kibaraza, na kindoo kikabaki kikining'inia hewani, kitupu. Dirishani tulisikia milango ya kabati ikifunguliwa na kufungwa, na wimbo wa kanisani ukianza kwa chini chini.

Transista aliziokota kamera zote mbili, akamkabidhi Samatar azishikilie. Haikuwa Jumapili, lakini tuliinuka sote, tukaupangusa ubao maji ya mvua, tukaanza kumngoja.