Kinanda cha Kupakata

Mwangaluka, ndugu zangu wa kikundi cha akiba. Mkiniona na mkoba huu kifuani msidhani nauza dawa. Mwenyekiti kaniomba niwe mfupi. Nitajitahidi, ingawa hata darasa la pili nilitolewa sana nje kwa maneno mengi.

Mnanijua kwa ngoma. Watu wa Nkoma wakipalilia pamba, mimi napiga, majembe yanafuata. Halafu kiharusi kikaja, mkono wa kushoto ukalala, na mpaka leo umelala. Nilijaribu ngoma zangu mbili, kubwa na ndogo, kwa mkono mmoja, wapaliliaji wakaanza kugongana majembe. Wakaniambia kwa heshima, mzee, pumzika. Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo linaweza kumzika mtu akiwa anakula ugali wake vizuri kabisa.

Nikasikia kuna vinanda vya umeme vinavyotoa sauti ya ngoma. Nikauza dume langu jekundu, lile lililokuwa likifungua mlango wa jikoni kwa pembe, basi tuliache. Nikaenda Bariadi mjini, nikachagua kinanda kama tunavyochagua dume la kukokota jembe mnadani: kifua kipana, uzito, meno mengi. Nikachukua kikubwa kuliko vyote, kilichobebwa na watu wawili. Nyumbani sola yangu ikakiwasha, kikalia kidogo, kikazima pamoja na taa. Kwa jirani mwenye umeme kikakubali, lakini midundo yake yote ya ugenini. Hakuna jembe linalofuata mdundo ule. Kikawa meza. Kuku alitaga juu yake, sitanii. Nami nikawa mtu wa kutazama ukuta.

Mke wangu akanivumilia, mwisho akasema, "Baba Kulwa, ulinunua kinanda cha mtu mwenye mikono miwili. Kirudishe, ukatafute chako."

Ilinichoma, lakini tulikifunga kwenye mkokoteni. Mwenye duka alikubali kubadilisha. Safari hii nilikaa chini barazani, nikamwomba asichomeke umeme popote, nikapakata kimoja kimoja. Kikinilemea, rudisha. Kikitaka mikono miwili, rudisha. Akacheka.

"Mzee, hicho ni cha watoto."

"Nipe hicho cha watoto."

Kinakula betri za tochi. Hakina mdundo wake, ila kinashika ule unaokipigia na kuurudia chenyewe. Nikapiga ngoma kubwa kwa vidole, kikaishika, kikaendelea nayo. Kwa mkono uleule nikaweka ndogo juu yake. Nililia pale dukani mbele za watu. Nikaongeza kipaza sauti kidogo na spika ya kuning'iniza begani; kurekodi narekodia simu. Studio yote imo humu mkobani. Palizi iliyopita nilirudi shambani, na majembe yalishuka pamoja.

Namshukuru muuguzi aliyeninyoosha vidole baada ya kiharusi, mwenye duka aliyefungua maboksi yote huku akinicheka, na mama Kulwa, ambaye hapo alipo anataka nikae.

Nakaa. Ila ukienda kununua kitu, kipime kwa mwili ulio nao leo, siyo ule unaoukumbuka. Mimi wangu niliukumbuka muda mrefu mno.