Maonyesho Mawili ya Mwisho ya Chiriku

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi dada yake mkubwa ndiye niliyeombwa kusoma maisha ya marehemu. Mnisamehe nikisoma nimekaa. Wiki hii miguu imegoma.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Mei 1989, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Alikuwa kitindamimba kati ya watoto wanne wa mama fundi cherehani na baba dereva wa lori. Alianza kuimba kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa akisimama kando ya cherehani na kufuata mdundo wa pedali, na mama akisimama kubadilisha uzi, analalamika: "Mama, umeniharibia wimbo!" Mama ndiye aliyembandika jina la Chiriku, likamganda mpaka ughaibuni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1996 hadi 2002, na sekondari hadi 2006. Tusidanganyane kwa kuwa hawezi kutujibu: hisabati ilimpiga chenga mwaka hadi mwaka. Ila mwalimu mkuu alimpenda, maana siku Chiriku akiongoza nyimbo za asubuhi, hakuna mtoto aliyechelewa.

Mwaka 2007 alianza kazi ya kinyozi. Mkono wake ulikuwa mzuri. Tatizo, mstari wa wimbo ukimjia anaacha mashine na kwenda kuuandika nyuma ya kalenda. Mteja mmoja, mwalimu wa udereva, alichoka kungoja akaondoka amenyolewa upande mmoja. Miaka mitatu baadaye huyohuyo alikuwa akiupiga wimbo wa Chiriku garini na kuwaambia wanafunzi wake, "Huyu ndiye aliyeniharibia kichwa!" Wimbo wenyewe aliurekodi Agosti 2010 kwa fundi sauti aliyepigilia magodoro ukutani kuzuia kelele za mtaani. Ulisambaa simu kwa simu. Kufikia 2014 nchi jirani zilikuwa zikimwita. Mwaka 2018 alijaza viwanja katika mabara matatu, na watu wasiojua hata neno moja la lugha yetu wakamwitikia mwanzo mwisho. Muziki wa Afrobeats ukawa ndio kazi yake, na sisi nyumbani tukawa watu wakubwa. Haya.

Alifunga ndoa tarehe 2 Desemba 2017 na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Wifi yangu alizoea kusema, "Mimi nimeolewa na begi la safari." Tulikuwa tunacheka.

Mwaka 2023 alianza kuishiwa pumzi jukwaani. Daktari alimwambia moyo umepanuka, apumzike miezi sita. Hakupumzika hata siku sita. Mlimwona akiwaelekezea mashabiki maiki waimbe wao, mkasema ni mbwembwe, na wasanii wengine wakaiga. Hazikuwa mbwembwe, jamani. Alikuwa anatafuta pumzi. Sisi nyumbani tulijua, tukanyamaza, kwa sababu sote tulikuwa tunakula kwenye sauti ile.

Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa kumi jioni, alinipigia akiwa ziarani. Akasema, "Dada, nimechoka. Ukiniambia nirudi, narudi kesho." Alikuwa amebakiza maonyesho mawili. Nilichomjibu, nami nakisema mbele ya mama yetu na mbele ya mke wake, ni hiki: "Jikaze kidogo, mdogo wangu. Yamebaki mawili tu." Akasema, "Sawa, dada." Hakubishana. Ijumaa akapanda jukwaani, Jumamosi akapanda tena. Jumapili tarehe 16, saa nne asubuhi, meneja wake alimkuta hotelini amefariki, viatu vikiwa bado miguuni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Baba yetu alitangulia mwaka 2011. Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, kaka wawili na dada mmoja.

Kijana wa spika pale getini ameniuliza kama aweke nyimbo zake tukielekea kaburini. Hapana, baba. Zima. Tangu simu ile nimechelewa siku tisa kulisema neno hili, lakini leo nalisema, nanyi mnisikie: mwacheni.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Hakuna onyesho lililobaki.